Kiapo cha Kadi ya Gari

Toronto, 20 Januari 2013

Mama,

Shikamoo. Simu zangu hupokei tangu Krismasi, basi nakuandikia, maana karatasi huwezi kuikatia. Habari za Kashozi? Bibi anaendeleaje na magoti yake? Nyumba umeshaipaua au mafundi bado wanakula chai yako? Huku baridi imekaza, juzi kufuli la mlango wa gari liliganda nikabaki nalipulizia kama mtu anayepoza uji. Yolanda wako hajambo. Alikuja kanisani kutoka Agincourt Jumapili moja kabla ya mwaka mpya, akanisalimia kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, tukaachana hivyo.

Ninachokuandikia ni habari ya gari. Ulipoondoka ulinikabidhi funguo uwanja wa ndege ukasema nilichukue, ni langu. Funguo ninazo, lakini kadi bado ina jina lako, na stika ya namba inakwisha siku yako ya kuzaliwa, Aprili. Gari la umri huu halipewi stika mpya bila kupita kipimo cha moshi. Na mwaka huu wamebadilisha kipimo chenyewe. Hawaweki tena mrija kwenye bomba kunusa. Wanachomeka kompyuta chini ya usukani, na kama taa ya injini inawaka, umeanguka hapo hapo.

Unaijua hiyo taa. Ni ile ya rangi ya chungwa uliyoibandikia picha ya Bikira Maria ili usiione. Nimeibandua picha, taa inawaka kama kawaida. Fundi mmoja wa barabara ya Finch amefungua boneti, akatazama, akafunga. Akaniambia injini imekwisha, nitafute gari jingine.

Mama, sina uwezo wa gari jingine. Kazi yangu unaijua. Nachukua wanawake wenzangu huku njia panda ya Jane na Finch nawapeleka kusafisha maghala ya Downsview saa ambayo basi la kwanza halijatoka. Aliyetupa kazi alinifanya msimamizi kwa sababu nina gari, si kwa uzuri wa ufagio wangu. Gari likisimama, Wamaitha na Kulsum na wengine wote wanakosa kazi, na mimi nakuwa wa kwanza.

Kwa kuwa si mmiliki, ofisi ya leseni haitaki hata kunisikiliza. Kadi nimeiweka humu ndani. Tia saini nyuma, pale pa anayetoa gari, uirudishe upesi. Hayo mengine nitahangaika nayo mwenyewe.

Msalimie Bibi. Mwambie kahawa ya kutafuna aliyonipa imekwisha na huku haiuzwi.

Wako,
Dative

*

Kashozi, Bukoba, 17 Februari 2013

Mwanangu Dative,

Marahaba. Bibi hajambo, magoti ndiyo hayo hayo, na ulimi wake bado ni wa msichana. Senene mwaka huu walikuwa wachache, tumekaanga vikombe viwili tu, chako nimekula mimi. Nyumba imepauliwa. Mafundi waliweka bati moja kinyume, nikawapandisha tena juu walitoe, sasa wananiita Mzungu.

Sikupokea simu kwa sababu hupigi ukiwa na raha. Ukipiga najua kuna kitu kimevunjika.

Kadi hii hapa, nimetia saini. Gari nimekupa bure na kwa moyo mmoja, usije ukawaambia watu wa kanisani kuwa Asumpta ana mkono wa birika. Nimeliendesha miaka na taa yake inawaka na halijawahi kunilaza njiani. Ile picha irudishe ulipoitoa. Na huyo fundi wako mwambie hata mimi napenda kufunga boneti na kutikisa kichwa, ni kazi rahisi.

Yolanda usimchukulie vibaya. Lugha inamtoka kidogo kidogo. Wewe ndiye mkubwa, ungemsogelea.

Sasa habari ya gari iishe. Nina nyumba ya kumalizia na mama wa kumuuguza.

Mamako,
Asumpta

*

Toronto, 24 Machi 2013

Mama,

Shikamoo. Bahasha imefika na kadi iko salama. Wamaitha anakusalimu sana, anauliza kama Bukoba kuna mchumba mwenye shamba la vanila. Theluji imeanza kuyeyuka, ukumbi wa chini wa jengo letu umejaa matope, na lifti imeharibika tena. Napanda ngazi mpaka huku juu nikifika sina salamu ya mtu.

Nina habari njema. Jumatano nilikwenda ofisi ya leseni. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza. Mwanamke wa dirishani akaniuliza karatasi ya kipimo cha moshi iko wapi, nikasema sina. Akaniuliza kama gari nimelinunua. Nikasema nimepewa. Na nani? Na mama yangu. Basi akageuza uso wake ukawa wa binadamu. Kumbe mzazi akimpa mtoto gari, wanasamehe kipimo! Gari lililouzwa ndilo linalopimwa. Likitoka kwa mama kwenda kwa mtoto wanalihesabu kama halijatoka nyumbani. Akanisukumia karatasi ya kiapo: jina la mzazi, jina la mtoto, saini. Nikaandika lako, nikaandika langu, nikasaini.

Kadi mpya ina jina langu. Stika sasa itahesabiwa kwa siku yangu ya kuzaliwa, na kipimo kimesogea mbele, nimepata nafasi ya kujipanga. Wanawake walipiga vigelegele ndani ya gari. Wamaitha akasema, "Wacha na mimi nitafute mathe wa kunipea gari." Nilicheka nikasahau baridi.

Ahsante, Mama. Kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nimesimama dirishani na karatasi imekuwa upande wangu.

Binti yako,
Dative

*

Kashozi, 21 Aprili 2013

Dative,

Bibi alianguka bafuni wiki ya Pasaka, mkono umefungwa bandeji. Mvua haijakatika. Hizo ndizo habari za nyumbani, na salamu zimekwisha.

Jumatatu ya Pasaka Yolanda alinipigia. Wamaitha wako alikuwa amemsimulia mlangoni pa kanisa, akicheka, kwamba Dative ameapa serikalini yeye ni mtoto wa Asumpta na gari limesamehewa. Yolanda akaniuliza, "Mama, mimi nina dada?" Mtoto ambaye Kiswahili kinamshinda, hilo aliliuliza kwa Kiswahili. Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Mimi nimezaa mtoto mmoja. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Mimi ni mama yako mdogo, na hilo si siri, kila mtu Kashozi anajua. Ile karatasi ilikuuliza mzazi. Ungesema mama mdogo, wakupe au wasikupe. Badala yake umechukua jina langu ukalilisha kiapo cha uongo, na mimi sipo hata kujitetea. Serikali ya huko unaijua? Haisahau. Wana mashine za kukumbuka. Mwakani nadai pensheni yangu ya uzee, watapekua kila nilichowahi kusema tangu nilipoingia.

Rudi dirishani. Waambie ulikosea, hukuelewa swali, Kiingereza kilikupita. Watakuelewa, wamezoea watu wetu kutoelewa. Kisha peleka gari kwenye kipimo kama watu wengine, na likianguka lianguke.

Usiniandikie mpaka uwe umefanya hivyo.

Asumpta

*

Toronto, 19 Mei 2013

Mama,

Nimeandika Mama. Ukitaka, kata kwa kalamu yako.

Shikamoo. Mpe Bibi pole ya mkono, mwambie asiingie bafuni na zile kandambili zilizolika. Mimi ni mzima. Kulsum amejifungua mvulana. Lifti bado.

Sijarudi dirishani na Kiingereza hakikunipita. Niliulizwa gari nimepewa na nani, nikajibu kama ninavyojibu tangu nina miaka minne. Hata sikuwaza. Ningewaza, labda ningekuwa mwongo.

Siku ya kuondoa matanga ya mama yangu, ukoo ulikaa uwanjani kwa Bibi wakauliza nani anamchukua mtoto. Wajomba walitazama chini. Wewe ndiye uliyenyoosha mikono. Ulikalishwa kwenye kiti, nikawekwa mapajani pako mbele ya watu wote, Bibi akasema kuanzia leo huyu ni wako, na wewe ukaitikia. Kwetu mtoto aliyefiwa hupata mama hivyo. Hakuna njia nyingine na hakuna aliyeniambia kwamba ile ilikuwa ya muda. Na nilipofika Toronto, mtu mzima, kwa nauli yangu na viza yangu, ulinisimamisha baada ya misa ya Kiswahili ukawaambia watu, "Huyu ni binti yangu mkubwa." Hukusema mtoto wa dada. Watu walipiga makofi, na mimi nililia. Barua yako ya Februari iko hapa mezani, inaanza na "Mwanangu" inaisha na "Mamako". Kumbe ulikuwa unajaza nafasi tu?

Nitakwambia kwa nini umekasirika, kwa kuwa wewe hutasema. Mwaka tisini na sita ulipoomba kuhamia Kanada, uliulizwa ubalozini una watoto wangapi. Ukasema mmoja. Ukapanda ndege na Yolanda, mimi ukaniachia gauni la njano na Bibi. Sasa unaogopa kwamba wakisoma jina langu watauliza mtoto huyu siku ile alikuwa wapi. Hata mimi nauliza. Nilikuwa wapi?

Jambo jingine, na hili si la hasira. Ofisi huwa wanachagua baadhi ya waliosamehewa na kuwakagua, na mimi nimechaguliwa. Wanataka cheti cha kuzaliwa au barua ya mzazi inayothibitisha. Cheti changu kina jina la marehemu. Nimepewa mpaka mwisho wa Julai. Nisipoleta kitu, msamaha unafutwa na wanachukua namba za gari.

Kalamu unayo wewe.

Dative

*

Toronto, 9 Juni 2013

Mama,

Shikamoo. Najua hujajibu ile ya Mei na pengine hata haijafika. Naandika kabla hujanijibu kwa sababu imenikaa rohoni.

Naomba radhi kwa yale ya ubalozini. Sisemi kwamba si kweli. Naomba radhi kwa jinsi nilivyokurushia usoni. Nilipokuwa kwa Bibi nilikuwa nimeshajiambia kuwa ungesema wawili wasingekupa viza, na kwamba mlango ulikuwa mwembamba ukapita na aliyekuwa mgongoni. Nililiamini hilo miaka yote na sikuwahi kukuchukia. Nimekuchukia mwezi huu, kwa mara ya kwanza, na sipendi ninavyojisikia.

Bibi nilimpigia kwa simu ya jirani. Amesema mkono unapona, na amesema wewe huli vizuri. Kula.

Mama, gari waache walichukue. Nimeshaongea na wenzangu, tutachangiana teksi mpaka tupate jingine, na nikinyang'anywa usimamizi nitashika ufagio kama zamani. Sitaki tena barua ya ofisini. Nataka mstari mmoja kutoka kwako, wa kwangu, kwamba mimi ni mtoto wako. Wao usiwaandikie. Niandikie mimi. Nitauweka ndani ya Biblia na sitamwonyesha mtu, hata Yolanda, hata Wamaitha.

Ni huo tu.

Binti yako,
Dative

*

Kashozi, 12 Juni 2013

Dative,

Bibi amefunguliwa bandeji. Kahawa imeanza kuiva. Mimi ni mzima.

Barua yako ya Mei nimeisoma mara moja, sitaisoma tena.

Unasema nilikuita mwanangu. Hapa Kashozi muuza nyanya ananiita mama na mimi namwita mwanangu, na hajawahi kwenda ofisini kudai gari langu. Unasema ulikaa mapajani pangu. Ulikaa. Nimepakata watoto wengi katika ukoo huu, na wengine walinikojolea. Hayo ni ya uwanjani kwetu, yana heshima yake, lakini serikali ya watu haikuwepo kwenye matanga na haikuitikia pamoja na mimi. Ukienda kwao jibu kama wanavyouliza.

Nilikulisha nikiwa sina. Nilikununulia sare. Nilipokuwa huko nikiosha wazee wa watu, kila aliyekuja likizo alibeba kitu chako: viatu, madaftari, ile redio. Ulipokuja nilikupa kitanda changu, nikalala kwenye kochi mpaka mgongo ukaniharibika. Huyo ndiye mtu unayemwandikia habari za gauni la njano.

Ya ubalozini hayakuhusu. Sitayajibu leo wala kesho.

Kuhusu ukaguzi, nimemaliza. Katibu wa parokia amenipigia chapa barua ya Kiingereza, imekwenda ofisini moja kwa moja kwa mkono wa wale wa vifurushi vya haraka, na nafikiri imefika kabla hujaisoma hii. Imesema Dative ni mtoto wa marehemu dada yangu. Sikumzaa, na hakuna mahakama iliyonipa. Imesema nina mtoto mmoja, Yolanda, kama nilivyosema siku zote. Siwezi kulala na kiapo cha mtu mwingine shingoni.

Ni kweli tupu, kila neno. Wewe ndiye uliyenifikisha hapo.

Asumpta

*

Kashozi, 28 Julai 2013

Mwanangu Dative,

Habari za siku nyingi. Bibi anakusalimu, amekufungia kahawa ya kutafuna kwenye majani ya mgomba kama unavyopenda, nitakuja nayo. Nyumba imekwisha kupakwa rangi. Nimeweka chumba cha wageni kinachotazama shambani, ukija likizo ni chako.

Barua yako ya tarehe tisa Juni nimeipata juzi. Ilikaa kwenye sanduku la parokia wiki nyingi, katibu alikuwa amekwenda kuoa. Ningeipata mapema

Basi. Imeshapita.

Nimeisoma zaidi ya mara moja. Wewe ni mtoto mwenye moyo mzuri, na mimi nina hasira za upande wa baba yangu, kila mtu anajua. Mambo ya kwenye karatasi tuyaache yaende na karatasi. Hayabadilishi kitu baina yetu. Nilivyokuwa kwako ndivyo nilivyo. Yale mengine uliyoniomba, mtu mzima haandiki vitu kama hivyo, vinaeleweka.

Narudi Oktoba, lazima nionekane huko kabla ya mambo ya pensheni. Yolanda anasema ana zamu, hawezi kuja uwanja wa ndege, na nina masanduku mawili na mgongo wangu unaujua. Uje unichukue. Kama lile gari wamelichukua, azima la mtu. Nitafikia kwako kwanza, kwa Yolanda hakuna nafasi, yule mwenzake hapendi wageni.

Nijibu upesi nijue.

Mamako,
Asumpta

*

Toronto, 1 Septemba 2013

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini Bibi yuko imara na mkono unashika jembe. Huku shule zinafunguliwa, wanafunzi wa chuo wamerudi wamejaa kwenye mabasi, hakuna pa kukaa. Lifti imetengenezwa. Mtoto wa Kulsum ameanza kucheka.

Uliuliza habari za gari, nakuhadithia.

Julai niliitwa ofisini. Nilikwenda na cheti cha kuzaliwa mfukoni na pia nilikwenda na tumaini, maana nilikuwa nasubiri jibu la barua yangu ya Juni na kila siku nilifungua sanduku chini pale nikidhani limefika. Mwanamke wa dirishani ni yule yule. Safari hii uso wake haukugeuka. Alikuwa na barua yako, akanisomea yote, taratibu, akinitazama kila alipofika mwisho wa sentensi kuona kama nimeelewa. Akafika kwenye "nina mtoto mmoja". Nyuma yangu kulikuwa na watu kwenye foleni. Akaniuliza, "Huyu mwanamke ni nani kwako?" Nilikuwa sijui. Akangoja, kisha akaandika mwenyewe: shangazi. Kwa Kiingereza hawana neno la mama mdogo.

Msamaha ulifutwa siku hiyo. Waliniambia nina bahati hawanishitaki. Nilifungua namba za gari mwenyewe kwa bisibisi nikazirudisha. Nilizibeba kifuani kwenye basi la Finch, na kuna mtu alinipisha nikae, sijui alidhani nimefiwa.

Barua yako ya Juni ilikuja baada ya hapo. Nilishaisikia kabla sijaisoma.

Usimamizi walimpa mtu mwingine mwenye gari. Tulipanda teksi wiki mbili tukashindwa. Kulsum aliacha kazi, kwa mtoto mchanga haikuwezekana. Ndipo Wamaitha akanipeleka kwa fundi anaitwa Lloyd, Mgoa wa Mombasa, ana gereji nyuma ya maghala. Kiswahili chake ni cha Pwani hasa. Hakufungua boneti. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua pale pa kutilia mafuta, akacheka mpaka akashika ubavu. Kile kifuniko cha tangi ulichokifunga na kitambaa na kamba ya mpira, kumbe si cha gari hili. Kilikuwa kinavujisha hewa, na gari lilikuwa linawasha taa kulalamika, miaka yote hiyo. Akaweka kifuniko chake, kipya, akafuta taa, akaniazima namba za muda za gereji nizunguke nalo siku chache ili kompyuta ijiridhishe. Alisema, "Gari hili halina ugonjwa, bibie. Lilikosa kufunikwa tu."

Nililipeleka kwenye kipimo Alhamisi iliyopita. Limepita. Kompyuta ilichomekwa, ikachomolewa, kijana akanipa karatasi, sikuulizwa mimi ni mtoto wa nani. Kadi ina jina langu, gari limehamishiwa kwangu kama kwa mtu aliyenunua kwa mtu asiyemjua. Msamaha haukuhitajika tangu mwanzo. Ningelipeleka kwa Lloyd na kwenye kipimo Machi, wewe usingejua kitu, na mimi ningeendelea kuwa na mama.

Umeniandikia kwamba vitu vingine mtu mzima haandiki, vinaeleweka. Lakini uliandika. Uliandika kwa Kiingereza, ukapiga chapa, ukaituma kwa haraka. Ulichoshindwa ni mstari mmoja wa Kiswahili.

Uwanja wa ndege sitakuja. Gari lipo, linatembea, na Oktoba nitakuwa nimelijaza wanawake wa Downsview. Mwambie Yolanda abadilishe zamu. Yeye ndiye aliyeandikwa. Kwangu pia hutafikia. Ukikuta mlango umefungwa usigonge, kwa kuwa nitakuwa ndani na nitaumia kukusikia.

Kanisani wameniuliza mama yangu anarudi lini. Nimewaambia mama yangu harudi, amezikwa Kashozi, nyuma ya nyumba ya Bibi.

Uko naye karibu kuliko mimi. Kabla hujaondoka, pita pale kaburini. Mwambie dada yako mtoto wake umemrudisha.

Dative